SFTP ya kufungiwa, FTPS au rrsync: ipi umpe mteja wa nje, ukizipima kwa namna zinavyokataa

Tarehe 8 ya mwezi, saa tatu asubuhi, simu ililia nikiwa kwenye matatu pale Ngong Road. Alikuwa mhasibu wa kampuni moja inayotuma hati zake kwenye seva ninayoitunza.

"Kijana wangu, imekataa kuingia."

"Pole, mama. Imesemaje?"

"Inakubali nenosiri, halafu inafunga."

Kesho yake ilikuwa tarehe 9, siku ya mwisho ya kuwasilisha PAYE, kodi ya mishahara, kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na faili ya mishahara ilikuwa bado kwenye kompyuta yake. Kosa lilikuwa langu mimi. Usiku uliotangulia nilikuwa nimelegeza ruhusa za folda moja ili mwenzangu aweke fomu mpya humo, nikaenda kulala bila kujaribu kuingia kama mteja. Lakini yale maneno manne ya mama yule yalinipa nusu ya jibu kabla sijafungua kompyuta. Akaunti ikikataa kabla ya nenosiri, unatafuta mahali pamoja. Ikikubali nenosiri kisha ikafunga, unatafuta mahali pengine kabisa.

Tangu siku ile nalinganisha njia hizi za kupokea faili (SFTP inayopita ndani ya ssh, FTPS ambayo ni FTP iliyosimbwa, na rrsync inayoifungia rsync) tofauti na nilivyokuwa nikifanya. Kasi zinakaribiana, na uzuri wa menyu haunisaidii. Ninachouliza ni hiki: ikikataa, itamwambia nini mtu aliye upande wa pili, na itaniandikia nini mimi kwenye logi, daftari la matukio la seva? Mtu anayepokea hati za watu kutoka nje, awe mhasibu wa Westlands, wakili wa mjini au mchapishaji wa Eneo la Viwanda anayeletewa faili za mabango, anahitaji akaunti zinazoweza kuleta na kuchukua faili na zisizoweza kufanya jambo jingine lolote. Kuzitengeneza hakuchukui hata saa moja. Kazi ni kuzitibu zikiugua.

SFTP ya OpenSSH, mtumiaji akiwa amefungiwa folda yake

Hii ndiyo chaguo langu la kwanza, na nitakaa nayo zaidi kwa sababu ndiyo wengi wetu tunaishia nayo. Tangu OpenSSH 4.9 ya mwaka 2008, sshd (programu ya seva inayopokea miunganisho ya ssh) yenyewe inaweza kumfungia mtumiaji ndani ya folda moja na kumhudumia SFTP bila programu nyingine. Mistari ni michache:

```
Match Group wageni
    ChrootDirectory /srv/wageni/%u
    ForceCommand internal-sftp
    AllowTcpForwarding no
    X11Forwarding no
```

Mteja akiingia anaona folda yake tu, kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni na milango mingine ikafungwa. Hana sheli, ile programu inayopokea amri, kwa hiyo hawezi kutoa amri. Akijaribu `ssh` ya kawaida anaambiwa waziwazi: "This service allows sftp connections only." Ujumbe huo naupenda. Mteja akinisomea kwenye simu, najua papo hapo kwamba akaunti yake ni nzima na kwamba ametumia programu isiyo yake.

Sasa kosa lililoniletea simu ile. Folda iliyotajwa kwenye ChrootDirectory, pamoja na kila folda iliyo juu yake mpaka kwenye `/`, lazima imilikiwe na root, msimamizi mkuu wa seva, na asiwepo mtu mwingine wala kikundi kingine chenye ruhusa ya kuiandika. Mimi nilikuwa nimeandika `chmod 775`. Sshd ilipokea nenosiri, ikataka kumfungia mteja, ikaona kikundi kinaweza kuandika, ikakata. Kwenye logi mambo yalikuwa wazi: mstari wa "Accepted password" ukifuatwa mara moja na "bad ownership or modes for chroot directory" na jina la folda. Upande wa mteja hakukuonekana kitu ila "Connection closed". Huo ndio udhaifu mkubwa wa njia hii: anayejua sababu ni wewe peke yako.

Watu huchukia sharti hili na kulitafutia njia ya mkato. Msilitafutie. Mtu akiweza kuandika kwenye mzizi wa folda anamofungiwa, anaweza kujijengea humo `/etc` yake mwenyewe au maktaba za uongo, na programu yenye mamlaka ikiziamini, kufungiwa kunageuka mlango wa kutokea. Dawa ni kuacha folda ya juu mikononi mwa root kwa ruhusa 755, kisha ndani yake kumtengenezea mteja folda ya kwake, tuseme `pokea`, anayoimiliki. Ukitaka atue humo moja kwa moja, andika `ForceCommand internal-sftp -d /pokea`. Kukagua njia nzima kwa mara moja, `namei -l /srv/wageni/mteja1/pokea` inakuonyesha mmiliki na ruhusa za kila hatua, nayo imeniokolea muda kuliko chombo kingine chochote katika kazi hii.

Kuna kosa la pili ambalo huwachosha hata waliobobea: mahali pa kuweka ufunguo wa ssh, ule unaotumika badala ya nenosiri. Sshd huutafuta ufunguo wa mteja kabla ya kumfungia, kwa hiyo huutafuta kwenye seva halisi. Sasa mtu anaandika kwenye `/etc/passwd`, orodha ya watumiaji wa seva, kwamba nyumbani kwa mteja ni `/pokea`, akifikiria maisha ya baada ya kufungiwa, halafu anaweka ufunguo ndani ya `/srv/wageni/mteja1/pokea/.ssh`. Sshd inakwenda `/pokea/.ssh` ya seva halisi, haikuti kitu, na mteja anapata "Permission denied (publickey)". Mimi siku hizi naweka funguo zote za wageni nje ya nyumba zao, kwa mstari `AuthorizedKeysFile /etc/ssh/funguo/%u`, faili ikiwa ya root. Hapo mteja hawezi kujiongezea ufunguo mwingine, nami nafungua folda moja nikaona nani ana ruhusa ya kuingia.

Ukiacha funguo nyumbani, kumbuka StrictModes, ukaguzi wa ruhusa ambao sshd hufanya kabla ya kuuamini ufunguo. Nyumba ya mteja au `.ssh` yake ikiwa inaandikika na kikundi au na watu wengine, ufunguo sahihi kabisa utakataliwa, na logi itasema "Authentication refused: bad ownership or modes". Linafanana na lile kosa la kwanza kwa maneno, lakini linatokea kabla ya kukubaliwa, na folda inayolalamikiwa ni nyingine. Mara mbili nimeona mtu anatibu folda ya kufungia huku ugonjwa uko kwenye `.ssh`.

Na kuna scp, amri ya kunakili faili kupitia ssh. Mteja mmoja anakwambia scp yake inafanya kazi, mwingine wa ofisi ileile anasema imekataa. Wote wawili wanasema kweli. Kuanzia OpenSSH 9.0, ya Aprili 2022, scp hutumia itifaki ya SFTP kwa ndani; zile za zamani hutaka sheli upande wa seva, na hapa sheli haipo. Mwenye kompyuta ya zamani mpe `sftp`, au WinSCP akiwa kwenye Windows, na mambo yaishe.

Akaunti ya nologin pekee: nusu ya kufuli

Wengi huanzia hapa kwa kuwa ni rahisi. Wanamtengenezea mteja akaunti ya kawaida, wanaweka sheli yake kuwa `/usr/sbin/nologin`, wanaacha ule mstari wa kawaida wa `Subsystem sftp` unaoita sftp-server, programu ya SFTP iliyo nje ya sshd. Kisha mteja anakutana na ujumbe huu: "Received message too long 1416128883".

Namba hiyo ina maana. Sftp-server huanzishwa kupitia sheli ya mtumiaji. Sheli ikiwa nologin, badala ya kuianzisha inatamka "This account is currently not available." Programu ya mteja inasubiri pakiti, na baiti nne za mwanzo za pakiti ni urefu wake. Inazichukua herufi T, h, i, s, inazisoma kama namba moja, inapata 1416128883, inaona ni ujumbe mkubwa kupita kiasi, inakata. Ukiona namba hiyo hasa, huna haja ya kutafuta zaidi: ni nologin.

Ukiona namba nyingine, nayo isome vivyo hivyo. Msimamizi mwenye ukarimu akiweka `echo "Karibu"` juu kabisa ya `.bashrc`, mteja atapata 1264677481, ambayo ni K, a, r, i. Salamu hiyo ni nzuri kwa mtu aliyekaa mbele ya sheli, lakini inaharibu kila uhamishaji wa faili unaopita hapo. Internal-sftp, ile SFTP iliyomo ndani ya sshd yenyewe, haina ugonjwa huu hata mmoja, kwa sababu haipiti kwenye sheli kabisa, na mteja anaweza kuwa na nologin akafanya kazi zake vizuri.

Lakini kinachonifanya niiite nusu ya kufuli ni kingine, nami nakisema kwa uzito. Nologin inazuia sheli, haizuii mahandaki, yaani kupitisha miunganisho mingine ndani ya ssh. Mteja mwenye akaunti hiyo anaweza kuandika `ssh -N -L 3306:localhost:3306` na kuifikia hifadhidata ambayo wewe unaamini inasikiliza ndani ya seva tu. Hakuna sheli iliyoombwa, kwa hiyo nologin haikuulizwa chochote. Ndiyo maana `AllowTcpForwarding no` imo kwenye mistari ile ya juu, na ndiyo maana ukitumia funguo unaanza mstari wa ufunguo kwa neno `restrict`, lililopo tangu OpenSSH 7.2 ya mwaka 2016. Kama una akaunti za nologin za wateja wa nje kwenye seva yako leo, kagua hili kabla ya kulala.

rssh na scponly

Utazikuta kwenye maelekezo ya zamani. Zilikuwa sheli ndogo za kuruhusu scp na sftp tu, na zilisaidia sana enzi ambazo sshd haikuwa na njia yake. Rssh iligunduliwa mapengo mwaka 2019, ya kumwezesha mtumiaji kupenyeza amri kupitia chaguo za scp na rsync, na haitunzwi tena. Usiziweke kwenye seva mpya. Ukirithi seva yenye hizo, hamisha wateja.

FTPS ya vsftpd

Kuna wateja ambao hutawaweza kwa SFTP. Kamera za ulinzi, skana za ofisini, programu za uhasibu za miaka mingi: nyingi zinajua FTP tu, na bahati ikiwepo zinajua FTP iliyovikwa TLS, usimbaji wa njiani. FTP yenyewe ni ya zamani, maelezo yake rasmi yaliyotumika mpaka sasa, RFC 959, ni ya mwaka 1985, na ilitungwa kabla watu hawajawa na sababu ya kuficha nenosiri njiani. FTP tupu siitoi kwa mtu yeyote. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakudai umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 ukijua data binafsi zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, na orodha ya mishahara yenye majina, namba za vitambulisho na akaunti za benki ikipita wazi kwenye Wi-Fi ya mkahawa ni jambo ambalo sitaki kulieleza mbele ya mtu.

Kwa upande wa kukataa, vsftpd, programu ya seva ya FTP, ina tabia mbili zilizo kinyume. Kwa folda ya kufungia ina sharti karibu sawa na la sshd, lakini yenyewe inamwambia mteja usoni: "500 OOPS: vsftpd: refusing to run with writable root inside chroot()". Mteja akikusomea hayo umeshamaliza uchunguzi. Unaweza kunyamazisha sharti kwa `allow_writeable_chroot=YES`, ila mimi natengeneza folda ya ndani kama kule kwenye SFTP.

Kwa nenosiri, kinyume chake. "530 Login incorrect" ni jibu moja kwa makosa mengi. Nenosiri limekosewa: 530. Jina limo kwenye orodha ya waliokatazwa: 530. Na lile linalowapata wengi: sheli ya mteja haimo kwenye `/etc/shells`, orodha ya sheli zinazokubalika, kwa kuwa mipangilio ya PAM (mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji) inayokuja na vsftpd kwenye Debian, Ubuntu na jamii ya Red Hat hukagua hilo. Ukampa mteja nologin kwa nia njema, anakataliwa kana kwamba amesahau nenosiri. Utabadilisha nenosiri mara tatu, mtarushiana maneno, na nenosiri halikuwa na kosa tangu mwanzo.

Halafu kuna kuganda. Mteja anaingia salama, anaomba orodha ya faili, skrini inatulia mpaka muda unakwisha. FTP hutumia muunganisho mmoja kwa amri na mwingine kwa data, na ule wa data hufunguliwa kwenye poti nyingine ambayo seva inaitaja katikati ya mazungumzo. Seva ikiwa nyuma ya ruta ya ofisi, itataja anwani yake ya ndani, ambayo kwa mtu wa nje ni bure. Kwa FTP tupu ruta nyingi husoma mazungumzo na kurekebisha anwani. Kwa FTPS haziwezi, maana mazungumzo yamesimbwa. Kwa hiyo unalazimika kuandika `pasv_address` mwenyewe, kuchagua upeo wa poti kwa `pasv_min_port` na `pasv_max_port`, na kuzifungua zote kwenye faiwoli. SFTP inataka poti moja tu, 22 au utakayochagua. Kwa ofisi isiyo na mtu wa mitandao wa kudumu, tofauti hiyo pekee inatosha kuamua.

rrsync, kwa mashine na mashine

Tawi la Nakuru linapotuma nakala za usiku kwenda seva ya Nairobi, hakuna mtu wa kubofya chochote. Hapo rsync, programu ya kusawazisha faili kati ya mashine, ina faida ambayo SFTP haiifikii: inatuma kilichobadilika tu, na umeme ukikatika katikati, kwa `--partial` inaendelea pale ilipoishia. Kuifungia, rsync huja na hati ndogo iitwayo rrsync. Kwenye faili ya funguo unaandika:

```
command="rrsync /srv/nakala/nakuru",restrict ssh-ed25519 AAAA...
```

Ufunguo huo sasa unajua kazi moja. Ukitaka usome tu, ongeza `-ro`.

Makosa yake ni ya aina nyingine. La kwanza: amri hii, tofauti na internal-sftp, inaendeshwa kupitia sheli ya mtumiaji, kwa hiyo nologin inaiua. Mtu anayehamisha akaunti kutoka SFTP kwenda rrsync bila kubadilisha sheli atashinda hapo nusu siku. La pili: njia anayoandika mteja huhesabiwa kuanzia ndani ya folda uliyomfungia. Akiandika `/srv/nakala/nakuru` nzima, rrsync inaitafuta folda hiyo ndani ya nyingine yenye jina hilohilo, nayo haipo. Mfundishe kuandika `/` tu. La tatu, ambalo ni la kupima wakati wa kuchagua: rrsync haimfungii mtu kama chroot, yaani kule kufungiwa kwa ChrootDirectory. Inakagua maombi ya rsync na kuyakataa yasiyofaa. Kwa mashine yako mwenyewe ya tawi inatosha. Kwa mteja wa nje usiyemjua vizuri, mimi sitoi.

ProFTPD, seva nyingine ya FTP, nayo ina moduli ya SFTP, mod_sftp, na inaweza kusoma watumiaji kutoka hifadhidata bila kuwaandika kwenye `/etc/passwd`. Ukiwa na wateja mia tatu wanaokuja na kuondoka, itazame. Kwa kumi na watano ni mzigo.

Kwa anayetaka kuziona zikiwa zimesimama pamoja:

| | internal-sftp | nologin + sftp-server | vsftpd yenye TLS | rrsync |
|---|---|---|---|---|
| Anafungiwa folda? | Ndiyo | Hapana | Ndiyo | Kwa ukaguzi wa njia tu |
| Inahitaji sheli hai? | Hapana | Ndiyo | Iwe kwenye `/etc/shells` | Ndiyo |
| Poti | Moja | Moja | Moja na upeo wa poti za data | Moja |
| Mteja anaelewa kwa nini amekataliwa? | Mara chache | Namba ya ajabu | Folda ndiyo, nenosiri hapana | Kiasi |
| Logi inakwambia wewe? | Vizuri sana | Kidogo | Kidogo | Vizuri |

Kabla hujailaumu njia uliyochagua

Makosa mengine hayachagui njia, na ni haki kuyatenga. Mabaya kuliko yote ni mistari iliyoandikwa sawa mahali pasipo sawa. Sshd huchukua thamani ya kwanza inayoikuta. Ubuntu na Debian za sasa husoma `/etc/ssh/sshd_config.d/` mwanzoni kabisa mwa faili kuu, kwa hiyo neno lililoandikwa huko linashinda ulichoandika chini, hata ukikiandika mara kumi. Na `Match` ikishafunguka, kila mstari unaofuata ni wake mpaka `Match` nyingine au mwisho wa faili. Ndiyo maana inakaa mwisho. Usibahatishe: `sshd -T -C user=mteja1,host=localhost,addr=127.0.0.1` inakuchapia mipangilio itakayomhusu mteja huyo hasa, baada ya faili zote kusomwa. `sshd -t` inakagua kama umeandika vibaya. Zote mbili nazipitisha kabla ya kupakia upya huduma, na dirisha langu la kwanza la ssh silifungi mpaka la pili limeingia.

"Too many authentication failures" kwa mtu aliyehakikisha ufunguo wake ni sahihi maana yake mara nyingi ni kwamba anazo funguo nyingi. Programu yake inazijaribu moja baada ya nyingine, na baada ya sita, ambayo ndiyo MaxAuthTries ya kawaida, seva inamkata kabla hajaufikia ule wenyewe. Mwambie atumie `IdentitiesOnly yes` na ataje ufunguo mmoja.

Seva ikiwa imepandishwa toleo na mteja wa miaka yote akakataliwa ghafla, angalia kama programu yake husaini kwa ssh-rsa ya SHA-1, njia ya kusaini iliyopitwa na wakati. OpenSSH 8.8 ya Septemba 2021 iliizima, na logi inataja PubkeyAcceptedAlgorithms. Mteja asasishe programu. Akishindwa, mpe ruhusa hiyo yeye peke yake kwa `Match User`, na uandike tarehe ya kuiondoa.

Neno "Failure" tupu wakati wa kupakia, mtu akiwa ameshaingia vizuri, mara nyingi ni diski iliyojaa. Itifaki ya SFTP inayotumiwa na OpenSSH haina jibu maalumu la diski kujaa. Anza na `df -h`, usianze na ruhusa. Ruhusa zingesema "Permission denied".

Wateja wanaotumia intaneti ya simu nao wana shida yao. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Fail2ban, programu inayofungia anwani zinazokosea kuingia mara nyingi, ikiifungia anwani hiyo kwa makosa ya mtu mmoja, mhasibu aliyeko Rongai anayetumia bando la simu yake naye hafiki, na kwake inaonekana seva imekufa. Mteja akisema haoni hata ombi la nenosiri, hapo ndipo pa kwanza kutazama.

Na saa. Mama yule aliniambia "saa tatu". Seva ilikuwa ikiandika logi kwa UTC, saa tatu nyuma ya Nairobi, kwa hiyo saa tatu asubuhi yetu ilikuwa 06:00 kwenye logi. Nikitafuta 09:00 ningekuta ukimya, na nikitafuta 03:00 nisingekuta lolote. Seva zinazohudumia watu wa hapa tu sasa naziwekea `timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`. Kenya haibadilishi saa kwa misimu, kwa hiyo hakuna hasara. Vsftpd iongezee `use_localtime=YES`, la sivyo wateja wataona faili walizopakia sasa hivi zimeandikwa za saa tatu zilizopita, watapiga simu wakidhani wanaona faili ya zamani.

Kwa hiyo ninatoa ipi?

Kwa binadamu wa nje anayeleta hati: internal-sftp iliyofungiwa, ufunguo akiweza kuutunza, nenosiri refu asipoweza. Upungufu wake wa kumwambia mteja "Connection closed" bila sababu naufidia kwa kufanya mimi mwenyewe kile ambacho sikukifanya usiku ule: baada ya kila badiliko, hata la herufi moja, naingia kwa akaunti ya mteja wa majaribio aliyemo kwenye kikundi hichohicho, napakia faili, naifuta. Kwa kamera na skana: vsftpd yenye TLS, kwenye seva ya peke yake isiyo na hati nyingine. Kwa matawi: rrsync. Nologin pekee, kamwe.

Asubuhi ile niliteremka kituo kilichofuata, nikakaa kwenye ukingo wa duka la M-Pesa, nikaandika `chmod 755` kwenye simu. Nikampigia.

"Mama, jaribu tena."

Kimya kidogo, kibodi ikisikika.

"Imeingia. Sasa hii folda ya pokea ndiyo niweke?"

"Hiyohiyo, mama."